Vinoo vya bei nafuu kwa wembe wa kukunja: tathmini kutoka Mtwara

Kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikinoa nyembe mbili za kukunja hapa Mtwara, mmoja ukiwa na muhuri wa Solingen ya Ujerumani na mwingine wa Sheffield ya Uingereza, na katika muda huo nimejaribu vinoo vinne, cha bei ndogo kabisa kikiwa cha shilingi 6,000 na cha bei kubwa cha shilingi 85,000. Vitatu kati ya hivyo sivigusishi tena kwenye wembe. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye wembe wa aina hiyo ambaye hana fedha nyingi na anaishi mbali na maduka makubwa, kwa sababu ushauri anaokutana nao mara nyingi ni wa kununua mawe matatu au manne ya gharama, ilhali mimi nimeona kwamba jiwe moja zuri lenye pande mbili, likitunzwa liwe tambarare, pamoja na kipande cha ngozi, vinatosha kabisa.

Nyembe zenyewe nilipewa na fundi aliyenifundisha kunyoa, mzee wa Mikindani ambaye macho yake hayakumruhusu tena kushika kazi ya makali. Alinikabidhi na kinoo chake, jiwe jeusi lililobonyea katikati kiasi kwamba maji yalituama humo kama kwenye kisosi. "Mwanangu, jiwe hili lilikuwa zuri nilipokuwa kijana," aliniambia, "sasa linakula wembe." Nilipomuuliza, "Linaulaje, mzee wangu?" aliulaza wembe juu ya jiwe, akaniambia niinamishe kichwa nitazame kuelekea mlangoni. Niliona mwanga wa nje ukipenya chini ya katikati ya wembe, huku ncha na kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, vikiwa vimekaa juu ya kingo za jiwe. Maana yake ni kwamba kila ukisugua, ncha na kisigino ndivyo vinavyolika, na katikati, mahali unaponyolea zaidi, panabaki butu. Nimelihifadhi jiwe hilo kwa heshima yake, na somo lile nimelishika kuliko jingine lolote katika kazi hii.

Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu. Kisu unakiinua kidogo kwa mkono na kujikadiria pembe mwenyewe, lakini wembe unaulaza bapa, mgongo na makali yote yaguse jiwe kwa wakati mmoja, na mgongo huo ndio unaopima pembe kwa niaba yako. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wenye unene wa milimita nne na nusu hivi hutoa makali ya nyuzi 16, wakati kisu cha jikoni huwa kati ya nyuzi 30 na 40. Makali membamba kiasi hicho hayavumilii jiwe lililobonyea, wala jiwe lenye chembe kubwa, na ndiyo sababu kinoo kinachomridhisha mchinjaji wa sokoni kinaweza kuuharibu wembe kwa dakika tano.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba wembe huu ninautumia kwa ndevu zangu peke yangu. Mteja anayekaa kwenye kiti changu ananyolewa kwa wembe mpya unaofunguliwa mbele ya macho yake na kutupwa akishaondoka, kwa sababu virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI vinaweza kupita katika tone la damu lisiloonekana, na kuufuta wembe wa kudumu kwa kitambaa chenye spiriti si kuutakasa. Kinyozi yeyote anayesoma maelezo haya kwa nia ya kuwanyoa watu kumi kwa wembe mmoja, namwomba sana aiache nia hiyo.

Jiwe la kwanza nililonunua ni lile la kijivu la silikoni kabaidi lenye pande mbili, ambalo karibu kila duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini linalo. Langu lilikuwa na namba 120 upande mmoja na 240 upande wa pili, na bei yake ilikuwa shilingi 6,000. Kwa panga, jembe na kisu cha kuparia samaki ni jiwe la thamani, na bado liko jikoni kwangu. Kwa wembe halifai hata kidogo. Namba ya jiwe inaeleza ukubwa wa chembe zake, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Chembe za 240 huacha mikwaruzo mirefu inayoonekana kwa macho, na juu ya makali membamba mikwaruzo hiyo hugeuka kuwa meno. Nilijaribu mara moja kwenye wembe wa Sheffield, nikatumia wiki nzima baadaye kuondoa nilichokifanya.

Jiwe la pili lilinifundisha kutoamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Lilikuwa jeupe, jepesi, limeandikwa 10000 bila jina la mtengenezaji, nami nililiagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 28,000 pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi. Kwa kipimo cha Kijapani jiwe la 8000 huwa na chembe za mikroni 1.2, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu moja ya milimita, na kwa hiyo jiwe la 10000 lingepaswa kuacha makali yanayong'aa kama kioo. Nilipoyatazama makali kwa lenzi niliyoazima kwa sonara, nilikuta mikwaruzo mikubwa kuliko ile iliyoachwa na jiwe la 1000 ambalo nilikuja kulinunua baadaye. Isitoshe, nilipochora mistari ya penseli juu yake na kulisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, mistari ya pembeni ilifutika mara moja na ya katikati ikabaki, dalili kwamba jiwe lilitoka kiwandani likiwa limebonyea. Muuzaji alikuwa muungwana na sina neno baya juu yake. Yeye naye aliuza alicholetewa. Ushauri wangu ni kwamba jiwe lisilo na jina la aliyelitengeneza, hata liandikwe namba kubwa namna gani, usilinunue kwa ajili ya wembe.

Sasa nifike kwenye jiwe ninalolisifu. Ni jiwe la maji la Kijapani, chapa ya King, lenye upande wa 1000 wa rangi ya matofali na upande wa 6000 wa rangi ya maziwa. Nililipata kwa shilingi 85,000 kupitia mfanyabiashara anayeleta vifaa vya useremala kutoka nje, na nilisubiri majuma matano. Fedha hiyo si ndogo kwa kinyozi, na nakiri kwamba niliiweka kando kidogo kidogo hadi msimu wa korosho, wakati ambapo wateja wanakuwa wengi na mifuko yao ina uzito. Hata hivyo, nikigawanya bei hiyo kwa miaka ambayo jiwe limenitumikia, naona haikuwa ghali.

Ubora wake wa kwanza uko kwenye upande wa 1000. Wengi hudhani kwamba wembe unapata ukali kwenye jiwe laini la mwisho, na hapo ndipo wanapomwaga fedha zao, lakini ukweli ni kwamba makali huzaliwa kwenye 1000 na mawe yanayofuata yanayalainisha tu. Chembe za 1000, ambazo huwa na ukubwa wa mikroni kati ya 11 na 15 hivi, zinakata chuma kwa kasi ya kutosha kuzifanya nyuso mbili za makali zikutane sawasawa kuanzia kisigino hadi ncha. Zisipokutana, hata ukiusugua wembe siku nzima kwenye jiwe la gharama kubwa kuliko yote duniani, hautanyoa. Mimi hupaka wino wa kalamu isiyofutika kwa maji kwenye ukingo wa makali, nausugua wembe mara tano au sita, kisha natazama kwa lenzi. Palipobaki wino ndipo jiwe lisipofika. Naendelea hadi wino ufutike wote na wembe ukate vinyweleo vya mkono kwa urahisi katika kila sehemu ya urefu wake, na kabla ya hapo siligeuzi jiwe, hata kama jua limezama.

Jiwe hili lina upana wa sentimita sita hivi, na wembe wangu una makali ya urefu wa sentimita saba na nusu, kwa hiyo wembe hautoshi juu ya jiwe kwa mpigo mmoja. Hilo si kasoro. Unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe, unausukuma wembe makali yakitangulia huku ukiuvuta polepole kuelekea pembeni, na unapofika mwisho wa jiwe, ncha ndiyo inayokuwa juu yake. Kisha unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, na unarudi vilevile. Uzito wa mkono uwe mdogo mno, kwa sababu ukikandamiza, wembe wenye mashavu yaliyochimbwa, yaani pande zake mbili kati ya mgongo na makali zikiwa zimebonyezwa ndani, unapinda na makali yanaelea. Unapokuwa sawa utaona utando wa maji ukisukumwa mbele ya makali na kupanda kidogo juu ya wembe kwa urefu wote. Maji yakipita chini mahali fulani, hapo makali hayagusi. Baada ya muda mkono unausikia wembe unavyoanza kunata kwenye jiwe, na sauti inabadilika kutoka mkwaruzo hadi mnong'ono.

Maji yenyewe yanahitaji uangalifu kwa sisi wa pwani. Upande wa 1000 naulowesha kwa dakika kumi hadi mapovu yaishe, na upande wa 6000 naunyunyizia tu. Mwanzoni nilitumia maji ya kisima moja kwa moja kutoka kwenye ndoo, na siku moja, nikiwa nimekaribia kumaliza kwenye 6000, nilisikia kitu kimoja kikikwaruza. Ilikuwa chembe ya mchanga. Kwa lenzi niliuona mfereji mmoja umepita kwenye makali kama barabara iliyokata shamba la mikorosho, na nililazimika kurudi kwenye 1000 na kuanza upya. Tangu siku hiyo nachuja maji kwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara mbili, naosha mikono na jiwe kila ninapohama upande, wala sinolei barazani upepo wa kusi unapovuma. Jiwe likishatumika nalikausha kivulini, kwani jiwe la kulowekwa likianikwa kwenye jua letu linaweza kupasuka.

Upungufu wa mawe ya aina hii ni kwamba ni laini, na kwa sababu hiyo yanabonyea upesi. Usiposhughulikia jambo hilo, baada ya mwaka utakuwa na kisosi kama cha mzee wangu. Tiba yake ni rahisi na haihitaji sahani ya almasi inayouzwa kwa bei ya jiwe lenyewe. Chukua kipande cha kioo kinene au marumaru iliyonyooka, kilaze juu yake kipande cha msasa wa maji namba 320 ambao mafundi rangi za magari wanautumia, chora miraba ya penseli juu ya jiwe zima, mwagia maji, kisha sugua kwa kuzungusha hadi penseli ifutike yote. Msasa mmoja haufiki shilingi 2,000. Mimi nafanya hivyo kila baada ya kunoa mara mbili au tatu, dakika nne hazifiki, na mwishoni napitisha msasa kwenye kingo nne za jiwe ili zisiwe na ukali wa kuukwangua wembe. Kisha nalisuuza jiwe kwa maji mengi, nikilisugua kwa kiganja, ili chembe za msasa zisibaki.

Zipo pia karatasi laini za plastiki zilizopakwa chembe za kunolea, ambazo hubandikwa kwa maji juu ya kioo na hupimwa kwa mikroni badala ya namba. Nilizijaribu za mikroni tatu na mikroni moja na zilifanya kazi nzuri sana, tena hazibonyei kamwe. Tatizo ni kwamba zinachakaa, na kuagiza nyingine kila mara ukiwa umbali wa zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam kunachosha. Kwa anayesafiri mara kwa mara naona ni chaguo zuri.

Upande wa 6000 pekee hutoa makali yanayonyoa, ila yanawasha shingoni. Hapo ndipo watu huambiwa wanunue jiwe la 8000 na la 12000. Mimi nilikwenda kwa fundi viatu nikanunua ukanda wa ngozi ya ng'ombe, urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita sita, usio na rangi wala mikunjo, kwa shilingi 8,000, na nikaukata kipande cha pili kifupi nilichokigundisha kwenye ubao. Kipande hicho kifupi nimekipaka unga wa kijani wa oksidi ya kromiamu wa nusu mikroni, kiasi kidogo tu, kama poda usoni. Jihadhari na vipande vya nta ya kijani vinavyouzwa kwa wang'arishaji wa vyuma, kwa sababu vingi huwa vimechanganywa na chembe nyingine zilizo kubwa zaidi. Baada ya 6000, naupitisha wembe kwenye ubao huo mara 15 kila upande, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kwani ukitanguliza makali utaikata ngozi na kuyapindisha. Kisha naupitisha mara 50 kwenye ngozi tupu iliyovutwa. Matokeo yake nimeyalinganisha na wembe wangu wa pili, ambao rafiki yangu aliumalizia kwenye jiwe lake la Naniwa la 12000, nikinyoa shavu langu moja kwa huu na shavu la pili kwa ule. Huo alioumalizia yeye ulikuwa mlaini zaidi kwenye mdomo wa juu, nami nakubali. Kwenye mashavu na kidevu sikuona tofauti ambayo ingenishawishi kutoa bei ya jiwe la pili.

Mwenye uwezo ana mengi ya kuchagua. Jiwe la Norton la 4000 na 8000 limewatosha wanyoaji wengi kwa miaka mingi, na jiwe la asili la Ubelgiji, lile la manjano linalochimbwa Ardennes na kukata kwa chembe za madini ya ganeti, lina sifa ya kutoa makali yasiyowasha. Sina ugomvi nayo. Nasema tu kwamba hata ukiwa nayo bado utahitaji jiwe la 1000, na bado utahitaji msasa na kioo, kwa hiyo ni busara kuanza na vile usivyoweza kuviepuka.

Tahadhari moja ihusu wembe wenyewe. Ukiununua wembe mkuukuu, utazame kwenye mwanga kabla ya kufikiria kinoo. Kutu ya juujuu kwenye mashavu si neno, lakini kutu iliyochimba mashimo hadi kwenye makali, au ufa, haitibiwi na jiwe lolote. Hewa ya chumvi ya hapa inakishambulia chuma hiki usiku mmoja tu, kwa hiyo nikishanyoa naukausha wembe, naupaka tone la mafuta ya cherehani na kuuhifadhi nje ya bafu. Wembe wa Sheffield uliwahi kupata doa la kutu kwa sababu niliuacha kwenye dirisha linalotazama bahari kwa siku mbili.

Kuhusu gharama, jiwe, ngozi, unga wa kijani na misasa mitano vilinigharimu jumla ya shilingi 115,000, kioo nikakiokota kwenye meza iliyovunjika. Kwa asiye na wembe wa kukunja lakini ana zana nyingine za makali, upande wa 1000 unalipa peke yake: mchonga vinyago mmoja jirani yangu, anayefanya kazi ya mpingo, mti mgumu unaozama majini, huja na patasi zake kila mwisho wa juma na kunoa kwangu, na sasa naye ameagiza lake. Nimemwomba asinolee patasi nyembamba katikati ya jiwe langu, bali azisambaze kwa upana wote, kwa sababu patasi moja ya sentimita moja huchimba mfereji ambao wembe wangu utaukuta kesho yake.

Kwa kipimo cha rula, upande wa 1000 umepungua milimita tatu tangu nilipolinunua, na upande wa 6000 haujafika milimita moja. Kwa mwendo huo nitalitumia jiwe hili miaka mingine mingi kabla sijafikiria jingine, na likifika siku hiyo nitaagiza la aina hii hii.